Sindano Kumi na Mbili na Udi wa Malindi

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika ghafla, na jua lilikuwa limetoka juu ya Mbweni, Unguja. Maji bado yalidondoka kutoka kwenye paa la kliniki ya Daktari Khairat Hamid.

Khairat alisimama mbele ya beseni akinawa mikono. Alinawa kwa utaratibu wake wa kila siku: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kisha kucha. Asubuhi hiyo alirudia mara mbili, kwa sababu akili yake haikuwa pale. Ilikuwa kwenye maneno aliyoambiwa jana kwa simu na Haitham.

"Mama kasema atatoa jibu Ijumaa," Haitham alimwambia. "Akikubali, posa italetwa kwa baba yako siku hiyo hiyo baada ya sala. Akikataa, kasema nisimtajie tena habari hii."

"Na wewe unaonaje?"

Haitham alipima maneno yake kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Lau angekuwa mama mwengine, ningejua la kufanya," alisema mwishowe. "Lakini huyu ndiye mama yangu, na nnampenda. Na wewe nnakupenda. Siwezi kumdanganya yeyote kati yenu."

Khairat hakumlaumu. Alilala na maneno hayo, akaamka nayo, na sasa alikuwa akinawa nayo mikono. Mwanamume asiyeweza kumdanganya mama yake, alijiambia, hataweza kumdanganya mkewe.

Mama huyo alikuwa Bi Mwanakhamis wa mtaa wa Malindi, somo mashuhuri, kungwi wa wari. Kwa miaka arubaini amekuwa akiwatayarisha maharusi wa Mji Mkongwe. Humweka mwari ndani siku saba, humsinga kwa singo aliyoisaga mwenyewe kwa maua na viungo, humpaka hina, na humfunza mambo ya unyumba. Khairat hakuwahi kuonana naye. Alichokijua ni pingamizi lake, ambalo Bi Mwanakhamis alilitamka waziwazi mbele ya jamaa zake.

"Msichana anayewachoma wenziwe sindano za uso, kila anayemwendea anamchoma," alisema. "Huyo hajui neno hapana. Na mtu asiyejua kusema hapana simkabidhi mwanangu."

Sindano zenyewe zilikuwa fupi. Ncha zake zilikuwa nyembamba kama unywele na hazikuingia ndani zaidi ya milimita chache. Kwa sindano hizo Khairat alitia matone madogo ya dawa mahali penye haja: vitamini na dawa ya kuirudishia unyevu ngozi iliyochoka, dawa ya kulisha mizizi ya nywele zinazopukutika, dawa ya kutuliza maumivu kando ya goti au bega. Kazi hiyo aliisomea Misri baada ya kuhitimu udaktari Dar es Salaam. Hakumwahidi mtu miujiza. Wapo waliofaidika sana, wapo waliofaidika kidogo, na wapo aliowarudisha nyumbani bila kuwagusa. Hao wa mwisho hawakusimuliwa mjini, na ndiyo sababu Bi Mwanakhamis hakuwa amewasikia.

Mlango uligongwa. Aliingia Mardhiya, muuguzi wake, akiwa na daftari la miadi mkononi.

"Dakta, kuna bibi mmoja kaja. Hana miadi. Anasema yeye ni Bi Maryam wa Bububu na hawezi kurudi siku nyengine."

"Anaumwa nini?"

"Nimemuuliza. Kaniangalia kama niliyemwibia kuku wake. Kasema atakwambia wewe."

"Mlete."

Mgeni aliingia kwa mwendo wa pole. Alikuwa amejifunika barabara, buibui jeusi hadi chini na nikabu usoni. Mardhiya alifunga mlango na kurudi mbele. Lakini kabla mgeni hajasema neno, harufu yake ilikwishafika.

Ilikuwa harufu ya udi. Wanawake wengi wa Unguja hufukiza nguo zao, na Khairat aliujua udi wa kila aina, wa dukani na wa kupikwa nyumbani. Hii ilikuwa na waridi na sukari iliyoungua, na chini yake mlikuwa na kitu chengine, ganda la chungwa lililokaushwa hadi likawa na ukali mdogo. Udi wenye ganda la chungwa alikuwa ameunusa kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Haitham.

Khairat alimtambua mgeni wake papo hapo. Bi Mwanakhamis alikuwa amekuja kumpima kwa macho yake kabla ya Ijumaa. Alibadilisha jina, akabadilisha mtaa, akafunika uso. Kisha, kabla ya kutoka nyumbani, akafanya kama anavyofanya kila mwanamke wa Mjini anayejiheshimu: alilifukiza buibui lake.

"As-salamu alaykum," mgeni alisema.

"Wa alaykumus-salaam. Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe daktari? Mbona mdogo hivi?"

"Nina miaka thalathini na moja, Bi. Karibu ukae."

Khairat aliona njia mbili mbele yake. Angeweza kumtaja mgeni kwa jina lake na kumfedhehesha hapo hapo mlangoni. Au angeweza kumtibu kama mgonjwa yeyote. Alichagua kumtibu. Alijiwekea na sharti moja: asiseme neno lolote la kumfurahisha ambalo hangemwambia mtu mwengine.

Mgeni alivua nikabu. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, mwenye pua nyembamba na macho makali. Nyusi yake ya kushoto ilipanda juu kidogo kuliko ya kulia. Khairat aliijua nyusi hiyo. Kwa miezi mitatu, kila alipopata nafasi, alikuwa ameiangalia ikipanda vilevile kwenye uso wa mwanamume aliyempenda.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Naiangalia ngozi, Bi. Ndiyo kazi yangu."

"Basi ifanye kazi yako. Nichome hapa, na hapa, na hapa." Kidole cha mkono wake wa kushoto kilipita juu ya paji la uso, kando ya macho na mashavuni. "Nnataka uso wa msichana wa miaka ishirini."

"Kwa nini, Bi?"

"Kwa nini? Mtu akenda dukani kununua mchele, huulizwa kwa nini?"

"Mchele hautiwi ndani ya ngozi." Khairat alisogeza taa na kuuchunguza uso ule kwa makini. "Ngozi yako imetunzwa vizuri sana. Wapo wanawake wa umri wangu wanaokuja hapa wakitamani kuwa nayo. Kuhusu mikunjo hii miwili ya kando ya macho, hii ni ya kucheka. Nikiilainisha, watu wa nyumbani kwako watakaa wakingoja ucheke, nawe umekwishacheka."

Midomo ya mgeni ilitikisika kidogo, kisha ikatulia.

"Kwa hivyo unanifukuza."

"Sikufukuzi. Nakurudisha kwenye kinachokuuma. Tangu uingie, mkono wako wa kulia hujautumia. Hata nikabu umeivua kwa mkono wa kushoto."

Mgeni aliutazama mkono wake kana kwamba umemsengenya. Halafu akaunyoosha mbele.

Khairat aliupokea kwa mikono yake miwili. Ulikuwa mkono mpana, wenye viganja laini kwa mafuta na mifupa migumu kwa kazi. Chini ya kucha mlikuwa na rangi ya manjano ya dalia, ule unga wa kujipamba, isiyotoka kwa kunawa. Alipougusa upande wa kidole gumba, karibu na kifundo, mgeni alivuta pumzi.

"Unafanya kazi gani kwa mkono huu, Bi?"

"Natwanga. Nasaga. Nasugua."

"Unasugua nini?"

"Vitu vya nyumbani."

Khairat hakuuliza zaidi. "Hapa panapita kano za kidole gumba, ndani ya kijia chembamba. Miaka mingi ya kusugua imezivimbisha, ndiyo maana zinakwama. Nitatia dawa kidogo kidogo kuzunguka hapo, mara kumi na mbili. Una sukari? Presha? Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

"Sina sukari. Presha yangu hupanda nikiudhiwa."

"Basi nitajitahidi nisikuudhi."

Aliandaa bomba la sindano kwa utulivu, akasafisha ngozi, akauweka mkono juu ya mto mdogo. "Hesabu pamoja nami, Bi. Anayehesabu hasikii sana."

"Moja," alisema mgeni. Kisha akakunja uso kwa mshangao. "Ushachoma?"

"Nshachoma."

"Mbili. Tatu." Alikuwa sasa akizitazama sindano bila hofu, kama mtu wa kazi anavyoitazama kazi ya mwenziwe. Mkono wa Khairat ulikwenda kwa mwendo mmoja, haukukawia wala haukuharakisha. "Nne. Una mkono mwepesi. Tano. Nasikia unaposwa."

Sindano ya sita ilikawia kidogo kuliko tano za mwanzo.

"Kweli, Bi. Kuna mtu ameniulizia."

"Kijana wa Malindi, ati. Fundi."

"Fundi wa mafriji na viyoyozi."

"Daktari mzima utaolewa na fundi?"

"Yeye ni fundi wa vitu vibovu, na mimi pia. Sita imekwisha, Bi. Hii ya saba."

"Saba. Na mamaake je? Nane. Nimesikia hakutaki."

"Hajaridhika. Ana haki. Mwana ni wake."

"Na we unamwonaje huyo mama?"

Khairat aliiweka sindano chini. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Sifa yoyote angeitoa sasa ingekuwa rushwa, kwa sababu alimjua anayemwambia. Alitafuta neno ambalo amekwishalisema mbele ya watu wengine, akalirudia kama lilivyokuwa.

"Sijapata kuzungumza naye. Binamu yangu Riyama ndiye aliyetayarishwa naye, miaka mitatu iliyopita. Riyama aliingia ndani akiwa analia, anaona haya kwa sababu ya mwili wake, hataki hata kujitazama kwenye kioo. Alitoka siku ya saba kanyooka shingo. Nilimwambia Mardhiya wiki ile ile: mimi naingia milimita mbili, yule mama anafika mbali zaidi, na hatumii sindano."

Khairat aliichukua tena sindano. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili zilipita bila mtu kuzihesabu.

"Kwisha," alisema Khairat. "Kikunje kidole pole pole."

Kidole gumba kilikunjika. Kiligusa kidole kidogo, kikarudi, kikagusa tena. Macho ya mgeni yalijaa maji, naye akageuka upande wa dirisha asionekane.

"Wepesi huu wa sasa ni wa ganzi iliyochanganywa na dawa, Bi, na utapungua jioni. Dawa yenyewe utaijua baada ya siku mbili tatu. Ukiupumzisha mkono, itakusaidia. Ukirudi kutwanga leo hii, sindano zangu hazitafua dafu."

"Mwaka mzima," mgeni alisema, bado akitazama dirishani. "Mwaka mzima nimekuwa nikiufunga kwa kitambaa chini ya mkono wa nguo, asione mtu."

Kisha alifanya jambo ambalo Khairat hakulitazamia. Alifungua pini ya mtandio wake na kuutoa kichwani.

Nywele zake zilikuwa nyeusi ti, nyeusi kupita kiasi. Juu ya utosi na kwenye panja zote mbili zilikuwa zimepukutika. Ngozi ilikuwa nyekundu, yenye magamba, na juu ya masikio mlikuwa na vidonda vidogo vilivyokauka.

"Hiki ndicho kilichonileta," alisema kwa sauti ndogo. "Mengine yote ni maneno. Kichwa hiki hakijaonwa na mtu, hata mwanangu. Nimesikia unazo sindano za kuotesha nywele. Nichome. Nichome hizo kumi na mbili, nichome mia, mi nshajua mkono wako hauumizi."

Khairat alivaa glavu mpya na kukichunguza kichwa kile polepole, eneo baada ya eneo. Alijua alichokuwa akikiona. Alijua pia kwamba anayemwomba ndiye mwenye jibu la Ijumaa, na kwamba anaomba kwa unyonge ambao pengine hajapata kuuonyesha maishani mwake. Kumpa alichotaka kungechukua dakika ishirini.

"Leo sichomi hapa," alisema.

"Kwa nini?"

"Unapaka piko nyweleni, Bi."

Mgeni alikaza shingo. "Piko napaka tangu zamani. Nimewapaka watu wangapi."

"Ya hina haina neno. Hii nyeusi, rangi ya kopo, ndiyo inayokuchoma. Mwili hustahamili miaka mingi, kisha siku moja hukataa. Wako umekataa. Ngozi hii imewaka, na nikiichoma sindano naiongezea moto. Utaacha piko leo. Nitakupa dawa ya kuituliza. Urudi baada ya wiki sita tuangalie. Inawezekana nywele nyingi zikarudi zenyewe. Inawezekana pahala pengine zisirudi, na hapo ndipo tutakapozungumza habari ya sindano."

"Na mvi zangu?"

"Zitaonekana."

"Zitaonekana!" Mgeni aliurudisha mtandio kichwani kwa haraka. "Unajua we unalolisema? Siku hizi wasichana wanatazama picha kwenye simu, wanataka kila kitu king'are. Mfunguo Tatu nina wari watatu wa kusinga. Nani atamkabidhi binti yake kwa..."

Aliukaza mtandio chini ya kidevu. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa.

Khairat alichukua kadi ya mgonjwa na kalamu ya wino mwekundu. Aliandika sentensi moja: mgonjwa huyu asipakwe piko wala rangi nyeusi ya nywele. Alisita kwenye nafasi ya jina. Ijumaa ilikuwa siku tatu tu mbele. Angeweza kuandika Maryam wa Bububu, akainyamazia siri, na mgeni angeondoka bila kufedheheka.

"Bi," alisema, "kadi hii ndiyo itakayokusemea siku ambayo wewe huwezi kusema. Ukipelekwa hospitali yoyote, watakutafuta kwa jina lako. Siwezi kuandika Maryam."

"Kwani jina la Maryam lina ila gani?"

"Halina ila. Si lako tu." Khairat aliinama mbele ya kadi na kutamka polepole huku akiandika. "Bi Mwanakhamis Masoud. Malindi."

Nyusi ya kushoto ilipanda mpaka ikakaribia mtandio.

"Umenijua tangu lini?"

"Tangu ulipoingia."

"Tangu nilipoingia." Bi Mwanakhamis alisimama. "Basi yale ya Riyama, na shingo, na milimita, yote ulikuwa ukinibembeleza. Nami nikakaa hapa nikitokwa na machozi kama mjinga."

"Na piko, Bi? Na mvi kuonekana? Hayo nayo ni maneno ya kumbembeleza mkwe?"

Bi Mwanakhamis alikaa tena, pole pole, kama mtu aliyehesabu na kukuta hesabu imemgeukia. Kisha macho yake yakawa makali upya, kwa sababu nyengine.

"Nani kakwambia ni mimi? Uso wangu huujui. Sauti yangu huijui."

"Udi wako."

"Udi wangu?"

"Una ganda la chungwa."

"Udi wangu," Bi Mwanakhamis alirudia, kwa utaratibu wa kutisha, "nnaupika mwenyewe. Dada yangu wa tumbo moja aliniomba miaka kumi, sikumpa. Udi ni wa nyumba. Anayeufukiza huwa mtu wa nyumba hiyo. Haujatoka Malindi ila juu ya nguo zangu na nguo za mwanangu. Sasa niambie, bibi we, umeusikia wapi?"

Khairat alihisi joto likimpanda shingoni. Aliliona swali lote, na yote yaliyokuwa nyuma yake.

"Kwenye friji," alisema.

"Wapi?"

"Mwezi wa pili friji la dawa liliharibika. Mwanao akaja kulitengeneza. Mlango ulikuwa wazi na Mardhiya alikuwepo, muulize. Ule ubovu ulikuwa nyuma kabisa, ikabidi aingize kichwa na mabega ndani, akakaa humo saa nzima. Alipomaliza tukalifunga. Kesho yake tulipolifungua, lilikuwa linanukia udi. Lilinukia wiki nzima. Mardhiya alilisugua kwa ndimu, alilisugua kwa magadi, haikusaidia. Wagonjwa walianza kuuliza kwa nini vichupa vya dawa vinanukia harusi."

Bi Mwanakhamis alimkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, baadaye akacheka kwa sauti, akacheka hadi akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia asianguke. Mikunjo miwili ya kando ya macho ilijikunja yote.

"Haitham huyo," alisema akijifuta machozi. "Nshamwambia mara ngapi, asiende kazini na shati la Ijumaa." Alitua, akamtazama Khairat kwa namna mpya. "Na wewe je? Mwenzio ilimuudhi harufu."

"Ilimuudhi sana."

"Na wewe?"

Khairat aliitazama kadi. "Mimi haikuniudhi, Bi. Wiki ile nililifungua friji mara nyingi kuliko haja."

Bi Mwanakhamis aliichukua kadi, akalisoma jina lake mwenyewe, akaitia kwenye pochi. Aliikunja nikabu mara nne na kuitia humo humo.

"Kuhusu jambo lile, mi sijasema kitu," alisema mlangoni.

"Sikuuliza, Bi."

"Naam. Nimeona hukuuliza."

Alitoka uso wazi, akapita mbele ya Mardhiya na kumuaga kwa jina.

Saa kumi na robo, baada ya Alasiri, Khairat alisikia pikipiki ikizimwa nje. Aliujua mlio wake. Alikuwa akipanga vichupa vya dawa, na akaendelea kuvipanga, ingawa vilikwishapangika.

"Fundi, friji letu zima," Mardhiya alisema kule mbele.

"Sikuja kwa friji, Bi Mardhiya."

"Basi na kiyoyozi kizima."

"Nimetumwa na mama."

Mardhiya alimruhusu, akauacha mlango wazi, na akakaa pale ambapo angeweza kuona kila kitu bila kuonekana anatazama. Haitham alisimama karibu na kizingiti. Alikuwa bado na nguo za kazi, na alishika kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Alimtazama Khairat, akainamisha macho, akamtazama tena. Kila mara nyusi ya kushoto ilimsaliti.

"Alikuja hapa?" aliuliza. "Mama?"

"Kuna mgonjwa alikuja. Habari za wagonjwa sizitoi."

Haitham alitabasamu taratibu. Ilikuwa tabasamu ya mtu aliyepewa jibu ambalo angelitoa yeye mwenyewe. "Karudi nyumbani mchana anaimba. Mi sijamsikia akiimba tangu baba afariki. Kaniita, kanipa hiki, kanambia: mpelekee daktari, mwambie ni cha nguo zake. Na nisikifungue."

Alikiweka juu ya meza. Hakumkabidhi mkononi, na vidole vyao havikugusana. Lakini alikisukuma polepole kuelekea kwake, na mkono wa Khairat ulikingoja upande wa pili. Ulikuwa mwendo mfupi wa shibiri moja, nao wote wawili waliuangalia hadi mwisho.

Khairat hakuhitaji kukifungua. Waridi, sukari, ganda la chungwa. Alikaza midomo asije akalia mbele yake.

"Kina nini?" Haitham aliuliza.

"Husikii harufu?"

Aliinama, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. "Mi sisikii kitu."

"Hutaisikia," alisema Khairat. "Ni ya nyumbani kwenu."

Haitham alibaki amesimama. Alimtazama, akakitazama kifurushi, akamtazama tena, na Khairat aliiona maana ikiingia machoni mwake kidogo kidogo, kama mtu anayesogezewa taa.

"Kakupa udi," alisema.

"Kanipa udi."

"Mamaangu mkubwa kafariki hajaupata."

"Basi nitautunza."

"Khairat." Hakuwahi kulitamka jina lake bila ya cheo. Alilitamka mara moja, vizuri, akanyamaza, kwa sababu Mardhiya alikuwa amekohoa.

Yaliyofuata yalikuwa haya. Bi Mwanakhamis alilitupa kopo la piko, akapaka dawa aliyopewa, akaupumzisha mkono siku tatu, na siku ya nne akamsagia singo wa kwanza kati ya wari wake watatu, mvi zikiwa zimeanza kuonekana chini ya mtandio. Ijumaa baada ya sala, kaka yake, Mzee Mmanga, aliipeleka posa kwa Mzee Hamid, baba yake Khairat. Mzee Hamid aliuliza maswali mawili, akaridhika, akaagiza kahawa. Haitham alikaa nyumbani kungoja habari, akatengeneza feni ambayo haikuwa mbovu. Mardhiya aliandika kwenye daftari miadi ya wiki sita kwa jina kamili la Bi Mwanakhamis. Khairat alilifukiza buibui lake kwa udi ule Alhamisi baada ya Magharibi, na Jumamosi akaenda kazini na buibui lile lile. Mardhiya alimwamkia, akavuta pumzi mara moja, akaenda kufungua madirisha yote.